Mkwe Anamtaka Mbwa wa Kituoni Awe Sehemu ya Mahari

Shangazi Hellen, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa kila Jumamosi, huwa nakusoma nikisubiri uji wa mbwa uchemke, na nimecheka sana matatizo ya wenzangu mpaka Mungu ameamua na mimi nipate la kwangu, kwa hiyo naomba unisikilize hadi mwisho, na tafadhali sana usiandike jina langu.

Nina miaka thelathini na mbili, ni Msukuma wa Magu, nimezaliwa katikati ya ng'ombe na nimechunga mpaka nikachukia, nikakimbilia mjini nikiapa kwamba sitamfuata tena mnyama kwa nyuma maishani mwangu, na kazi niliyoipata huku ni ya kulea mbwa. Kituo chetu kiko Kiseke, kinapokea mbwa waliotupwa, waliogongwa na pikipiki na walioachwa na watu waliohama, na mwenye kituo ni Mama Kokugonza, muuguzi mstaafu, Mhaya wa Kilutheri, mama msomi ambaye hata mbwa anawasalimia kwa sentensi iliyokamilika. Ni mama mwenye huruma, simsemi vibaya, ila ana imani moja tu, kwamba kila kiumbe kilichoteseka dawa yake ni kupumzika.

Mwaka jana mwezi wa kumi aliletwa mbwa anayeitwa Katibu. Bwana wake alikuwa mhandisi Mzungu wa mgodini upande wa Geita, mkataba ukaisha akarudi kwao, mbwa akabaki. Ni ile aina ya mbwa wa kuchungia kondoo huko Ulaya, mweusi na mweupe, manyoya marefu, jicho moja la kahawia na jingine la bluu, wala si mkubwa, ila Shangazi, ana shughuli kuliko ofisi ya kata.

Siku ya kwanza tulimfungulia uani na wenzake kumi na wanne ili wazoeane, nikaenda kuchota maji, na niliporudi nikakuta wote kumi na wanne wamebanana kwenye pembe ya ukuta, hakuna anayebweka, na Katibu amelala kifudifudi mbele yao anawatazama. Hata Sajenti, mbwa mkubwa wa Ubelgiji aliyestaafishwa na kampuni ya ulinzi, ambaye mpaka leo ananusa mkoba wa kila mgeni na hakuna aliyemtuma, naye alikuwa amepangwa pale pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamwita Mama aje aone, Mama akaja, akatazama, akasema, "Masele, mbwa huyu ana msongo wa mawazo. Mpeleke bandani akapumzike."

Basi tukampumzisha. Tulimpa banda lake peke yake, mto, blanketi, na redio ndogo ya nyimbo za kwaya. Baada ya wiki alianza kuzunguka, upande mmoja tu, asubuhi hadi jioni, mpaka sakafu ikachora duara, na akichoka kuzunguka anakimbiza kivuli cha waya ukutani, na ndoo za maji alizitafuna tatu, na ule mto aliuchana kisha akakusanya vipande vyote vya sponji kwenye kona moja, akakaa anavilinda visitoroke.

Mwezi wa pili, Jumapili baada ya ibada, walikuja akina mama wa kanisani kwa Mama, ishirini na wawili, wametuletea mchele na dagaa, na mimi kwa bahati mbaya nilikuwa nimefungua banda la Katibu nifagie. Sikuwahi hata kuinama. Kufumba na kufumbua wale mama wote walikuwa wamebanana kando ya simtanki la maji na mikoba yao kifuani, na mwenyekiti wao, Mama Rebeka, alijaribu kutoka mara mbili akarudishwa kwa kuangaliwa tu. Hakuumwa mtu, hakubwekewa mtu. Mama Rebeka alipoona wote wamekusanyika vizuri namna ile alidhani ndiyo ratiba, akasema, "Wapendwa, tuinamishe vichwa," wakaomba, sala ndefu na nzuri, na mimi niliyekuwa nimeacha jicho moja wazi nilimwona Katibu amelala chini, masikio yamelegea, ametulia kuliko siku yoyote tangu aje. Lakini baada ya amina kuna mama mmoja alitaka kwenda msalani. Akarudishwa. Akajaribu kupitia upande wa pili, akarudishwa tena. Hapo mambo yakaharibika, kukawa na kelele na kiatu kimoja kilirushwa, na Mama Kokugonza akaona aibu kubwa, akaniambia, "Kuanzia leo huyu hatoki."

Shangazi, hapo ndipo yule mbwa alipoanza kufa. Aliacha kula. Akaanza kujing'ata mkia mpaka damu, nikimfunga bandeji anaifungua, nikimkemea ananitazama kwa lile jicho la bluu kama mtu anayeuliza kosa lake. Nikamfuata Mama, nikamwambia huyu hataki kupumzika, anataka kazi, akanijibu, "Masele, nimeuguza watu miaka thelathini na minne. Sijaona mgonjwa aliyepona kwa kupewa kazi."

Ndipo nikaanza uongo. Niliomba ruhusa ya kumtembeza ufukweni Jumanne na Ijumaa, Mama akakubali nusu saa, nusu saa nikaigeuza asubuhi nzima, na ufukweni kwenyewe nikakugeuza Kamanga, ng'ambo ya ziwa, maana nilimpakia kwenye bajaji mpaka kivukoni, tukavuka (abiria siku ile walipanda kwa mstari ulionyooka, mkata tiketi akaniuliza kama tunasafiri kila siku), nikaenda naye moja kwa moja nyumbani kwa akina Gladness, mchumba wangu. Baba yake, Mzee Alexander, ana mbuzi arobaini na miguu inayomuuma, vijana wake wote wako mijini, na mbuzi hao wameingia kwenye mihogo ya jirani mara nyingi mpaka mzee ameitwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kama mwizi, akawa amekwisha kata shauri kuwauza wote. Siku niliyofika na Katibu walikuwa tena ndani ya mihogo, na mzee amesimama na fimbo anawatukana kwa Kisukuma akiwa hawezi kuwafuata.

Mimi sikuwa nimemfundisha mbwa yule kitu chochote. Nilipiga tu mluzi, ule wa zamani wa kuchungia, sijui hata ulinitoka wapi. Katibu akainama, tumbo likagusa majani, akaenda kwa upande, mbali, akawazunguka, na mbuzi arobaini wakatoka ndani ya mihogo mmoja nyuma ya mwingine wakaingia zizini bila jani kuvunjika. Mzee Alexander alikuja mpaka pale nilipo, fimbo ameisahau kwenye mihogo, akanishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja! Wabeja sana, kijana wangu! Mbwa huyu ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Nani kamfundisha?"

"Mimi."

Nilikuwa natafuta heshima, Shangazi, sitakuficha. Na kuna uongo mwingine wa zamani zaidi, kwamba familia ile niliwaambia nafanya kazi katika taasisi ya ustawi wa jamii. Sikusema jamii ya nani. Gladness anajua ukweli wa kazi yangu na amenishauri niuseme, nimekuwa nikimwambia kesho, na alipojua na la mbwa alinuna, akaniambia, "Mwambie baba, usiponiheshimu mimi basi uheshimu zile mvi zake."

Sasa ni miezi mitatu. Mkia umepona, anakula, akirudi bandani analala kama mtu aliyetoka kulima, na Mama Kokugonza anaamini ni ile redio ya kwaya, tena ametoa ushuhuda kanisani kwamba kiumbe kimepona kwa mapumziko. Mzee Alexander naye haendi tena kwa mwenyekiti na mbuzi hakuuza hata mmoja. Ningeweza kuishi hivyo mpaka nife, ila wiki mbili zilizopita tulienda kupanga mahari, mshenga akiwa baba yangu mdogo Yeremia, ambaye hajui lolote, na mzee akasikiliza hesabu yetu ya ng'ombe, akatema mate pembeni, akasema, "Wawili nimewasamehe. Badala yao abaki yule mbwa." Baba mdogo Yeremia alikuwa amekwisha kushikana naye mkono kabla mimi sijakohoa.

Na Ijumaa iliyopita Mama ameniita kwa furaha, amepata mtu wa kumchukua Katibu, afisa mmoja wa benki anayeishi ghorofa ya tatu mjini, peke yake, anaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, kampenda mbwa kwa sababu ya macho yale ya rangi mbili, anasema atapendeza kwenye picha. Mama anasema huko ndiko kuna utulivu wa kweli. Anakuja kumchukua Jumatatu ya wiki ijayo. Nimefikiria kuacha geti wazi nikaseme ametoroka, kisha nimvushe. Nimefikiria pia kuacha kazi, kumwacha Gladness na kurudi Magu. Uji unaungua, lakini sijali. Nifanyeje?

Mlezi, Kiseke.

*Shangazi Hellen anajibu:*

Mlezi wa Kiseke, marahaba. Zima jiko kwanza.

Unaniomba nisiandike jina lako, kisha unanitajia bosi wako, mchumba wako, mkwe wako, mshenga wako, kata yako na kivuko unachopanda. Nimebadilisha majina ya watu wote. Jina la mbwa nimeliacha, maana katika barua yote hii ndiye peke yake ambaye hajadanganya mtu.

Pole. Nakupa pole moja ya kweli, kwa sababu uliona kiumbe kinaharibika mbele yako na hukukaa ukitazama. Nilimpigia simu Daktari Rwehumbiza, wa mifugo, nikamsomea barua yako. Alicheka kwenye habari ya akina mama, halafu akaacha kucheka nilipofika kwenye mkia. Ameniambia kwamba mbwa wa namna hiyo wamezalishwa vizazi na vizazi kwa ajili ya kazi, na ukiwafungia na kuwaletea mto, akili yao haizimiki, inawageukia wenyewe. Wapo wanaozunguka, wapo wanaokimbiza vivuli, wapo wanaojitafuna. Watu husema mbwa ana wazimu au ana pepo. Kumbe hana ajira. Kwa hiyo juu ya mbwa ulikuwa sahihi, na Mama yako, pamoja na elimu yake yote, alikosea.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, mwenye ndevu bila shaka, umeona bosi wako anatoa ushuhuda kanisani juu ya muujiza ambao wewe ndiye uliyeufanya kwa bajaji, na umenyamaza! Umemwacha mama wa watu anasimama mbele za Mungu na habari za uongo. Umemwambia mzee mwenye mvi kwamba mali ya watu ni yako. Na unaona haya kusema kwamba unalea mbwa, lakini huoni haya kutaka kumuiba. Aibu yako umeiweka mahali pasipo pake.

Na huo mpango wa geti ni wa kijinga hata kwa mwizi. Geti likiwa wazi, huyo Katibu ndiye atakayewarudisha wenzake ndani, pamoja na wewe.

Habari ya mahari nisikilize kwa makini. Mbwa hatolewi mahari. Siku mkigombana wewe na Gladness, mtarudishiana nini? Na mbwa haishi miaka ishirini. Siku atakapokufa kwa uzee wake kuna shangazi mmoja wa ukoo, na kila ukoo unaye, atakayesimama msibani na kusema mahari imekufa. Mrudishie mzee wale ng'ombe wawili kwenye hesabu, hata kama itakubidi usubiri mwaka mmoja zaidi. Ndoa inayosubiri haiozi.

Fanya hivi. Leo ni Jumatatu na jibu hili nakutumia kwenye simu yako, gazeti litatoka Jumamosi. Mama yako ni msomaji. Akikutana humu na mbwa wa Kiseke aitwaye Katibu mwenye jicho la bluu, hatahitaji miwani kujua mlezi ni nani. Kwa hiyo una siku nne. Ingia ofisini kwake ukiwa umenawa mikono, umwambie yote, kuanzia bajaji. Usianze na mapungufu yake, anza na ya kwako. Kisha umwombe kitu kimoja: avuke naye Kamanga, aone kwa macho yake, kabla ya huyo bwana wa benki kuja Jumatatu ijayo. Muuguzi wa miaka thelathini na minne ukimwonyesha mgonjwa aliyepona atamtambua, hata kama si yeye aliyemtibu.

Kwa mkwe wako usimtume mshenga wala Gladness. Simama mwenyewe, useme kazi yako kwa jina lake. Akikukataa kwa sababu unawapikia mbwa uji, utakuwa umejua mapema.

Na huyo Sajenti usimsahau kwa sababu hana macho ya rangi mbili. Daktari anasema asubuhi mkimbize mpaka naye achoke nawe uchoke, halafu chakula chake usimwekee kwenye bakuli. Kifiche uani, chini ya tofali, nyuma ya pipa, akitafute kwa pua. Mkoba wa mgeni ananusa kwa sababu hamjampa kitu kingine cha kunusa.

Ukiacha kazi na kukimbilia Magu, usiniandikie tena.

*Ujumbe huu aliutuma mwenyewe Ijumaa mchana, kabla gazeti halijaenda mtamboni, nasi tumeona wasomaji wasinyimwe:*

Shangazi, shikamoo tena. Jumatano niliingia ofisini. Nilisema yote, na Mama Kokugonza alivua miwani akaifuta muda mrefu sana, akauliza jambo moja tu: "Na ule ushuhuda nitaufanyaje?" Akanifukuza ofisini. Baada ya saa moja akanifuata jikoni amevaa viatu vya safari, akasema, "Kesho tunavuka."

Jana tulivuka watatu. Mzee Alexander alitupokea vizuri, akamletea Mama kiti, na mimi kabla sijakaa nikasema, "Baba, huyu ni bosi wangu. Mbwa si wangu, ni wa kituo. Sikumfundisha mimi. Kazi yangu ni kulea mbwa, kuwapikia uji na kuwafagilia." Gladness alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, hakusogea.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo unachunga mbwa."

"Ndiyo, baba."

"Wangapi?"

"Kumi na watano."

"Katika muda wako amepotea hata mmoja?"

"Hakuna, baba."

Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Mchungaji ni mchungaji," na kuhusu uongo akasema ng'ombe wale wawili wamerudi, na wa tatu ameongezeka kwa sababu ya ulimi wangu. Gladness akaanza kugawa chai.

Halafu tukawafungulia mbuzi. Mama Kokugonza alisimama juani na mkoba wake saa nzima, anamtazama Katibu anavyokwenda, anavyolala, anavyonyanyuka. Mwisho akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza akasema kwa sauti ndogo, Kihaya kikimtoka, "Waitu, nilikuwa namuuguza mzima." Papo hapo akampigia simu yule bwana wa benki, na kwa ghorofa yake akampendekezea bibi kizee mmoja tuliye naye kituoni, mbwa asiye na meno, anayelala siku nzima na anayependeza kwenye picha.

Lakini Mama ni Mama, hakumwachia mzee mbwa hivihivi. Alitoa mkobani ile fomu ya kituo, kurasa mbili, akamkalisha Mzee Alexander kwenye kigoda na kumuuliza swali moja baada ya jingine. Je, mchana kutakuwa na mtu nyumbani? Je, atapigwa? Akiugua atapelekwa wapi? Atafanya kazi gani kila siku, na siku ya kupumzika ni ipi? Akizeeka asiweze tena kazi, utamtunza au utamrudisha? Mzee alijibu yote kwa heshima, jasho likimtoka, kwenye lile la uzee alifikiri kwanza, akasema, "Tutazeeka wote hapa," kisha akaweka sahihi.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akaishika ile fomu, akaipitia tena kutoka juu mpaka chini, mdomo ukisoma taratibu. Akamgeukia Mama Kokugonza, akamuuliza kama anayo nyingine tupu. Mama akampa. Mzee akaninyooshea mimi ile fomu pamoja na kalamu.

"Hii jaza wewe," akasema. "Ni kuhusu binti yangu."